Nyama Haingoji: Kazi ya Kile Kichupa cha Hospitali

Kuna swali ambalo watu wa vijijini huliuliza kwa sauti ya chini, wakiisha kutazama nyuma kama kuna anayesikiliza. Kwa nini daktari akate kipande cha nyama ya mgonjwa, akitie katika kichupa chenye dawa kali, kisha akipeleke mbali? Wengine husema kipande kile kinauzwa. Wengine husema hayo ni mambo ya mumiani. Na wako wagonjwa ambao kwa sababu ya maneno hayo hukataa kukatwa, hurudi nyumbani na uvimbe wao, na hospitali huiona tena siku ambayo dawa haina nguvu.

Haifai jambo kubwa namna hii liachwe mikononi mwa uvumi. Basi leo tueleze kazi ya kichupa kile, hatua kwa hatua, hata babu asiyejua kusoma akisomewa na mjukuu wake apate kuelewa.

MWILI NI NYUMBA YA MATOFALI

Ukitazama ukuta kwa mbali waona kitu kimoja. Ukisogea karibu waona matofali. Mwili ndivyo ulivyo. Ini, ngozi, moyo na utumbo, vyote vimejengwa kwa vitu vidogo mno ambavyo macho matupu hayavioni. Vitu hivyo huitwa seli. Jina hilo alilitoa Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665. Alitazama kwa darubini kipande chembamba cha lile gome la mti linalofanywa vizibo vya chupa, akaona vijumba vidogo vimepangana kama masega ya nyuki. Mwaka 1839 Mjerumani Theodor Schwann alieleza kwamba miili ya wanyama nayo imejengwa kwa seli. Na mwaka 1858 Rudolf Virchow, daktari wa Berlin, alifundisha kwamba chanzo cha ugonjwa tukitafute ndani ya seli zenyewe.

Wataka kujua udogo wake? Chukua rula ya mtoto wa shule. Nafasi kati ya vistari viwili vidogo ni milimita moja. Katika nafasi hiyo, seli nyekundu za damu zaweza kupangwa kwa mstari zaidi ya 120.

Karibu kila seli ina ngozi yake nyembamba, ina uji wake, na ndani ya uji huo mna kiini. Daktari aliyejifunza kazi hiyo husoma seli kama mwalimu asomavyo daftari la mwanafunzi. Seli nzima hukaa kwa utaratibu, kama watoto waliopanga mistari asubuhi. Seli za kansa husukumana. Viini vyake ni vikubwa, vina rangi nzito, wala havilingani. Nyingine zimeruka ua na kuingia shamba la jirani. Daktari akiona hayo anajua neno la kumwambia mgonjwa, tena anajua dawa ya kuagiza.

Lakini hayo yote huonekana tu kama seli zimebaki katika umbo lake. Hapo ndipo penye taabu.

ADUI WA NDANI

Kila mama wa nyumbani anajua kwamba nyama haingoji. Iliyochinjwa asubuhi, jioni imebadili harufu. Wengi hudhani uharibifu huo hutoka nje tu, kwa inzi na vijidudu. Kumbe adui wa kwanza yumo ndani.

Ndani ya seli mna vitu viitwavyo vimeng'enya. Vingine kazi yake ni kuvunjavunja takataka na chakula cha seli, na kwa ajili ya ukali wake vimefungiwa katika vifuko vidogo. Seli ikiwa hai, vifuko havivuji. Kipande cha nyama kikikatwa, damu haifiki tena, pumzi haifiki. Vifuko hupasuka, na vimeng'enya huanza kuila nyumba yao wenyewe. Vijidudu huja nyuma kumalizia.

Tena nyama zote hazilingani. Utando wa ndani wa utumbo huharibika upesi sana. Kongosho nalo ni hivyo hivyo, maana kazi yake ni kutengeneza maji ya kuyeyushia chakula. Likifa hujiyeyusha lenyewe. Ngozi hukawia zaidi. Na joto la nchi zetu huharakisha kila kitu.

Mtu atasema: “Sisi tangu zamani twajua kuhifadhi nyama. Twaianika juani, twaikausha kwa moshi, twaitia chumvi kama papa.” Ni kweli, lakini hiyo ni hifadhi ya mdomo, si hifadhi ya darubini. Chumvi nyingi hunyonya maji ya seli hata ikasinyaa kama embe lililosahaulika juani. Maji matupu je? Seli huyanywa, ikavimba, ikapasuka. Barafu je? Maji yaliyo ndani ya seli yakiganda polepole hufanya vipande vyenye ncha kama vigae vya chupa, vikaitoboa. Hospitali kubwa zina namna yao ya kuigandisha nyama kwa baridi kali ya ghafula, lakini hiyo si barafu ya nyumbani.

Basi ilitakiwa dawa itakayofanya kazi mbili pamoja: kukomesha vimeng'enya na vijidudu, na kukaza kila kitu mahali pake kama kilivyokuwa saa ile ya kukatwa.

VIDOLE VYA BWANA BLUM

Pasua yai bichi juu ya sahani, ute wake utatiririka. Litie lile lingine katika maji yanayochemka, ute utashikamana, uwe mweupe, wala hautarudi kuwa maji. Moto umezikamata protini zake. Spiriti nayo hufanya kazi ya namna hiyo bila moto, na wataalamu wa Ulaya waliitumia kuhifadhi nyama tangu karne ya 17. Ila spiriti ina ila yake: hunyonya maji kwa nguvu, nyama ikawa ngumu na kusinyaa.

Mwaka 1893, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, daktari Ferdinand Blum alikuwa akiijaribu fomalini kama dawa ya kuua vijidudu. Katika kazi hiyo aliona jambo: ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu, mfano wa nyama iliyolazwa katika spiriti. Mwingine angalinawa mikono na kulalamika. Yeye alijiuliza, kama dawa hii yakaza ngozi yangu, je, haitaweza kukaza nyama ya kutazamwa kwa darubini? Akajaribu, ikawa. Tangu hapo fomalini ilienea katika hospitali za dunia nzima, na hata leo ndiyo dawa ya kwanza kwa kazi hiyo.

Fomalini ni hewa kali iitwayo fomaldehaidi, iliyoyeyushwa katika maji kiasi cha sehemu 37 hadi 40 katika 100. Kwa kazi ya nyama, sehemu 1 ya fomalini hiyo huchanganywa na sehemu 9 za maji, pamoja na chumvi maalumu za kuizuia isichachuke. Ikiingia ndani ya seli hufunga protini moja na nyingine, kama fundi anavyofunga fito za nyumba kwa kamba. Fito zisizofungwa huanguka kwa upepo wa kwanza, zilizofungwa husimama. Na kwa kuwa vimeng'enya navyo ni protini, hufungwa vilevile, visiweze kula tena.

SAFARI YA KIPANDE

Fomalini ina nguvu, lakini haina mbio. Mwanzoni huingia katika nyama kiasi cha milimita 1 kwa saa, na kadiri inavyokwenda ndani huzidi kukawia. Ndiyo sababu pande kubwa likitumbukizwa zima, nje huwa la kijivu na gumu, na ndani hubaki jekundu likiendelea kuoza. Mganga mwenye ujuzi hukata vipande vyembamba, unene usizidi milimita 5, na dawa huwa mara 10 ya nyama au zaidi. Nyama iliyosongwa katika kichupa chembamba, dawa ikiwa kidogo juu yake, hiyo haikuhifadhiwa. Kipande kidogo hutaka saa 6 hadi 24; kikubwa chaweza kutaka siku mbili na zaidi.

Kipande kikifika maabara, hupitishwa katika spiriti hafifu, kisha kali, kisha kali zaidi, mpaka maji yote yametoka. Hupitishwa tena katika dawa ya kuondoa spiriti, ndipo hutiwa katika nta iliyoyeyushwa, ya namna ya nta ya mishumaa. Nta huingia mahali palipokuwa na maji. Ikipoa, nyama na nta huwa kibonge kimoja kigumu.

Kibonge hicho hufungwa katika mashine yenye kisu kikali, nayo hukata karatasi za nyama nyembamba mno. Gawa milimita moja mara elfu. Unene wa karatasi moja ni kiasi cha sehemu 4 tu za hizo elfu. Karatasi 250 zikipandana ndipo zifanye milimita moja. Hueleza juu ya maji ya uvuguvugu kama utando juu ya maziwa, kisha huopolewa kwa kioo.

Hata hapo daktari haoni kitu vizuri, maana nyama nyembamba namna ile haina rangi. Nta huondolewa, na nyama hutiwa rangi mbili. Ya kwanza hutoka katika kiini cha mti mmoja wa Meksiko na nchi za jirani, na hufanya viini vya seli kuwa vya samawati au zambarau. Ya pili hufanya uji wa seli kuwa mwekundu hafifu. Ndipo ile nyumba ya matofali huonekana, chumba kwa chumba.

Na je, kipande huishia wapi? Kibonge cha nta huandikwa namba na kuwekwa kabatini, pengine kwa miaka mingi, ili daktari akiwa na shaka akatwe kipande kingine atazame tena. Mabaki huteketezwa. Nyama iliyokwisha kulazwa katika fomalini haifai kuliwa, haifai kwa dawa, haifai kwa biashara. Anayesema inauzwa hajui asemalo.

DARUBINI NAYO YATAKA HEKIMA

Tusidhani hata hivyo kwamba kila kinachoonekana kwenye kioo ni kweli tupu. Nyama iliyokazwa imekufa, na dawa zenyewe zaweza kuacha alama zake. Mwaka 1898 Mwitaliano Camillo Golgi alitazama seli za ubongo wa bundi, ndege ambaye akilia juu ya paa watu wengi hawalali. Kwa dawa zake za kukaza na kutia rangi aliona ndani ya seli kitu kama wavu. Wataalamu walibishana miaka mingi. Wengine walisema wavu ule haumo katika seli, umefanywa na dawa. Mabishano yalikwisha katika miaka ya 1950, ilipotumika darubini ya elektroni yenye nguvu kupita zile za mwanga. Wavu ulikuwamo kweli, na hata leo waitwa kwa jina la Golgi.

Kwa hiyo daktari mwema hasomi kioo peke yake. Husoma na karatasi iliyokuja nacho: umri wa mgonjwa, mahali kipande kilipokatwa, uvimbe umeanza lini. Karatasi hiyo ikipotea, nusu ya maarifa imepotea.

MFANO WA UGANDA

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akaona watoto wengine wenye uvimbe wa namna hiyo, na baadhi yao walikuwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 aliandika habari zake. Je, yalikuwa magonjwa mengi au ugonjwa mmoja? Jibu lilitoka katika vipande vilivyokazwa na kukatwa. Madaktari wa darubini pale Kampala, akina Davies na O'Conor, waliona kwamba seli za tayani na seli za tumboni ni za namna moja. Ulikuwa ugonjwa mmoja, kansa ambayo leo huitwa kwa jina la Burkitt, nayo mara nyingi husikia dawa mtoto akiletwa mapema.

Mwaka 1961 Burkitt alizungumza huko London, na katika waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein. Huyu alianza kupelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Alitafuta kirusi kwa darubini ya elektroni karibu miaka miwili, asione kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kikachelewa kufika. Maji yake yalikuwa na ukungu pia, ikadhaniwa kimeoza. Kumbe ukungu ule ulikuwa seli hai za uvimbe zikielea! Epstein pamoja na Yvonne Barr walizilea katika chupa zikaongezeka. Mwaka 1964 seli hizo zilikazwa kwa dawa, zikakatwa, zikatazamwa na Epstein na Bert Achong, na kirusi kikaonekana. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kwamba kinahusika na kansa ya binadamu.

Angalieni jambo hili. Kipande kile kingalitiwa fomalini Kampala, seli zisingaliota kamwe. Na seli zilizoota zisingalikazwa London, kirusi kisingalionekana. Kila kazi ina hifadhi yake. Daktari akitaka kuotesha vijidudu, fomalini itamharibia, maana huviua. Hata ubongo wa mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, kwa kipimo cha kawaida cha siku hizi hupelekwa mbichi katika baridi, si katika fomalini.

YATUPASAYO SISI

Kwanza, ukikabidhiwa kichupa ukipeleke hospitali nyingine, usiongeze kitu wala usipunguze. Usitie maji, usitie chumvi, usitie konyagi, usikiweke katika barafu bila kuagizwa. Usihamishie kipande katika chupa nyingine kwa kuona ile ni kubwa mno. Ukubwa wake una maana.

Pili, tazama kwamba jina la mgonjwa limeandikwa kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko tu. Vifuniko hubadilishwa, na jina likibadilika, mtu mzima ataambiwa ana kansa, na mwenye kansa ataambiwa ni mzima.

Tatu, fomalini ni sumu. Huchoma macho na pua, na ikinywewa huweza kuua. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa lilitangaza kwamba fomaldehaidi yenyewe huweza kuleta kansa kwa watu. Kifuniko kifungwe barabara, kichupa kisimamishwe wima, kiwe mbali na watoto na chakula. Wala fomalini isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto hasomi maandishi, huona soda.

Nne, mnyama wako akifa ghafla na damu ikitoka puani au nyuma, usimpasue, maana huenda ni kimeta, na kimeta huua watu pia. Mbwa akishukiwa kichaa, usimkate kichwa mwenyewe. Mwite bwana mifugo. Yeye ndiye ajuaye kipande gani kikatwe na kihifadhiwe namna gani, na umwite upesi, kabla jua halijafanya kazi yake.

Tano, na hili ndilo kubwa: ulizeni. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari, “Kipande changu kinakwenda wapi? Majibu yatarudi lini? Nitayapokea kwa nani?” Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo. Yaandike majibu yake kwenye karatasi, na siku ikifika nenda, hata kama uvimbe hauumi, hata kama ni msimu wa kupalilia. Kipande chaweza kukatwa vizuri, kikahifadhiwa vizuri, kikasomwa vizuri, na majibu yakakaa katika sanduku la hospitali bila mwenyewe kuja, mpaka kile kilichokuwa kidogo kimekuwa kikubwa.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Katika jambo hili maneno yao ni kweli mara mbili: nyama hukazwa ingali mbichi, na ugonjwa hukamatwa ungali mchanga. Kama nyumbani kwako yuko mtu aliyekatwa kipande mwezi uliopita na hajarudi kuuliza, mkumbushe leo, kesho afunge safari.